Kusakinisha na Kutumia Preseti za Picha Ulizopakua: Mwongozo Kamili

Kabla hujasakinisha preseti yoyote uliyoipakua, ifungue kwanza kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kama Notepad ya Windows au TextEdit ya Mac. Ikiwa ni preseti ya Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, yenye faili linaloishia na .xmp, ndani yake hutakuta picha wala rangi, bali maandishi matupu, na katikati ya maandishi hayo mistari ya namna hii:

crs:Exposure2012="+0.35"
crs:Highlights2012="-42"
crs:Shadows2012="+28"
crs:Temperature="6100"

Mstari wa kwanza unahusu mwangaza wa picha nzima, wa pili sehemu zinazong'aa, wa tatu vivuli, na wa nne joto la rangi kwa vipimo vya kelvini. Nambari 2012 iliyobandikwa kwenye baadhi ya majina hayo ni alama ya mwaka ambao Lightroom 4 ilitoka na mfumo mpya wa kuchakata picha. Majina yamebaki vilevile ingawa mfumo wenyewe umeendelea kuboreshwa. Preseti nzima ndiyo hiyo: orodha ya mahali ambapo kila kitelezi, yaani kidude cha kusogeza ili kubadilisha nambari, kinapaswa kusimama, iliyoandikwa na mtu mwingine akiwa anaitazama picha nyingine.

Nimeanzia hapa kwa makusudi, kwa kuwa malalamiko mengi ya kwamba preseti fulani "imeharibu picha" yanatokana na kuidhania kuwa ni rangi inayopakwa juu ya picha. Sivyo inavyofanya kazi. Tuseme umeshaongeza mwangaza wa picha yako iliyotoka giza hadi +1.10, kisha ukabofya preseti yenye mstari ule wa +0.35. Haitajumlisha nambari hizo mbili; itakirudisha kitelezi chako hadi +0.35, na picha itakuwa na giza zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kubofya, ingawa mtengenezaji wa preseti alikusudia kuongeza nuru. Kwa sababu hiyohiyo, ukibofya preseti mbili mfululizo, ya pili itafuta kila kitu cha ya kwanza ambacho zote mbili zinakigusa, na kuacha mabaki ya ya kwanza pale ambapo ya pili iko kimya. Ndiyo maana matokeo ya kubofyabofya preseti kumi bila kurudi mwanzo huwa hayaelezeki.

Kutambua ulichokipakua

Neno "preseti" hutumika kiholela kwa vitu ambavyo haviingii kwenye programu moja, kwa hiyo tazama herufi za mwisho wa jina la faili. Ikiwa kompyuta yako inazificha, ziruhusu zionekane kwanza: katika Windows 11 fungua folda yoyote, nenda kwenye menyu ya "View", kisha "Show", na uweke alama kwenye "File name extensions".

Faili la .xmp ni preseti ya Lightroom na ya Camera Raw, sehemu ya Photoshop ya kuchakata picha. Faili la .lrtemplate ni mtindo wa zamani wa Lightroom, uliotumika hadi Aprili 2018, toleo la 7.3 la Lightroom Classic lilipohamia kwenye .xmp; Lightroom Classic ya sasa bado inayapokea mafaili hayo ya zamani na kuyageuza yenyewe. Faili la .dng ni picha kamili iliyobeba marekebisho ndani yake, na hutolewa zaidi kwa watumiaji wa simu. Faili la .cube ni jedwali la kubadilishia rangi, ambalo mafundi wa picha na video huliita LUT, na tutaliangalia peke yake kwa sababu tabia yake ni tofauti kabisa. Faili la .atn ni mfululizo wa hatua zilizorekodiwa ndani ya Photoshop. Mafaili ya .dtstyle ni ya darktable, ya .pp3 ni ya RawTherapee, na ya .costyle ni ya Capture One. Hakuna ujanja wa kubadilisha herufi za mwisho utakaoifanya preseti ya programu moja isomwe na nyingine, kwani majina ya vitelezi na hesabu zilizo nyuma yake ni tofauti.

Angalia pia kwamba si kila .xmp ni preseti. Lightroom na darktable huandika mafaili yenye herufi hizohizo pembeni ya picha za RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyozirekodi, ili kutunza marekebisho ya picha moja moja. Ukikuta .xmp yenye jina linalofanana na la picha, kwa mfano IMG_4471.xmp, hilo ni daftari la picha hiyo, liache lilipo.

Preseti nyingi hufika zikiwa zimefungwa katika faili la zip. Ifungue katika folda uliyoiandaa mwenyewe, wala si moja kwa moja kwenye folda ya vipakuliwa, ambako kesho hutajua kipi kilitoka wapi. Ikiwa aliyeifunga alitumia Mac, unaweza kukuta ndani yake folda iitwayo __MACOSX yenye mafaili madogo yanayoanza na nukta na kistari, kama ._Jioni.xmp. Hayo si preseti, ni takataka za mfumo. Yafute mapema, vinginevyo programu itajaribu kuyasoma na kukuletea ujumbe wa hitilafu utakaokufanya udhani kifurushi kizima ni kibovu.

Kuhusu usalama, faili la .xmp ni maandishi tu na halijiendeshi lenyewe. Kwa hiyo kifurushi kinachokutaka uendeshe faili la .exe ili "kusakinisha preseti" kinaomba ruhusa kisiyoihitaji, nami ningekifuta bila kukifungua. Mafaili ya .jsx, ambayo ni skripti, na ya .8bf, ambayo ni programu-jalizi za Photoshop, ni jambo jingine. Hayo huendesha msimbo, na yanastahili kupokelewa tu kutoka kwa mtu unayemwamini. Soma vilevile masharti ya matumizi yaliyoambatanishwa, kwani preseti za bure mara nyingi huruhusu kutumika kwenye picha zako lakini hukataza kuuzwa au kugawiwa upya.

Lightroom Classic

Hifadhi nakala ya kifurushi ulichokipakua, kisha fungua Lightroom Classic na uingie kwenye moduli ya "Develop", ukiwa umechagua picha yoyote. Upande wa kushoto kuna paneli ya "Presets", na juu yake upande wa kulia kuna alama ndogo ya kujumlisha. Bofya alama hiyo, chagua "Import Presets", nenda kwenye folda uliyoiandaa, na uchague mafaili yote unayoyataka kwa mara moja kwa kushikilia kitufe cha Shift. Au chagua faili la zip lenyewe, kwani programu inaweza kulisoma bila kufunguliwa. Baada ya sekunde chache preseti zitatokea kwenye paneli, ama katika kundi ambalo mtengenezaji aliliandika ndani ya faili, ama katika kundi la "User Presets" ikiwa hakuandika lolote.

Njia ya pili ni kuyanakili mafaili kwa mkono, nayo inafaa unapokuwa na mamia ya preseti au unapohamia kompyuta mpya. Fungua mapendeleo ya programu, nenda kwenye ukurasa wa "Presets", na ubofye kitufe cha "Show Lightroom Develop Presets". Kompyuta itakufungulia mahali penyewe. Katika Windows mahali hapo ni folda ya Adobe\CameraRaw\Settings iliyo ndani ya AppData\Roaming, ambayo kwa kawaida imefichwa, lakini unaifikia kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na kuandika %appdata%. Katika Mac ni Library/Application Support/Adobe/CameraRaw/Settings ndani ya folda yako ya nyumbani, na menyu ya "Go" ya Finder huionyesha Library ukishikilia kitufe cha Option. Bandika mafaili yako hapo, funga Lightroom kabisa, kisha uifungue tena, kwa sababu orodha husomwa programu inapoanza.

Camera Raw iliyo ndani ya Photoshop inasoma folda hiyohiyo. Ukishasakinisha upande mmoja, upande wa pili umeshapata. Funga tu Photoshop na kuifungua tena. Ukiwa na Photoshop peke yake, geuza kwanza tabaka la picha kuwa kitu mahiri, kile ambacho menyu inakiita "Smart Object", ndipo ufungue "Camera Raw Filter" kutoka menyu ya "Filter" na kuingiza preseti kupitia vitone vitatu vya paneli ya preseti. Ukiruka hatua hiyo ya kitu mahiri, marekebisho yatachomwa ndani ya picha na hutaweza kurudi kubadilisha nambari moja baadaye.

Lightroom ya wingu na ya simu

Katika Lightroom ya kompyuta inayohifadhi picha kwenye wingu, amri iko kwenye menyu ya "File", nayo inaitwa "Import Profiles & Presets". Preseti zilizoingizwa huko hufika zenyewe kwenye simu iliyoingia kwa akaunti ileile, mradi mtandao upo. Preseti za Lightroom Classic hazisafiri hivyo. Wengi hushangaa kwa nini simu haizioni, na sababu ni hiyo tu.

Simu peke yake nayo inatosha. Fungua picha, gusa "Presets", nenda kwenye upande wa "Yours", gusa vitone vitatu na uchague "Import Presets", kisha ielekeze kwenye faili la zip au la .xmp lililo kwenye hifadhi ya simu. Ikiwa ulichopewa ni .dng, lichukulie kama picha: liingize Lightroom, lifungue, usiliguse kitelezi chochote, gusa vitone vitatu vilivyo juu, chagua "Create Preset", lipe jina na uhifadhi. Usiogope .dng hiyo ikionekana kama kipande cha kijivu kisicho na picha, kwani kilichotafutwa humo ni marekebisho, si taswira. Jambo la kuangalia ni kwamba baadhi ya programu za kutumiana ujumbe huibana picha na kuigeuza JPEG njiani, na marekebisho yakapotea; .dng itumwe kama waraka, kamwe si kama picha.

Majedwali ya LUT na hatua za Photoshop

Faili la .cube nalo linafunguka kwa Notepad, lakini ndani yake hakuna jina la kitelezi hata kimoja. Utaona mstari kama LUT_3D_SIZE 33, halafu maelfu ya mistari yenye nambari tatu tatu kati ya sifuri na moja. Nambari 33 maana yake ni kwamba nafasi ya rangi imegawanywa mara 33 kwa upande wa nyekundu, kijani na bluu, hivyo jedwali lina mistari 35,937 inayosema rangi hii ikiingia, itoke ile. Kwa kuwa hakuna kitelezi, huwezi kufungua LUT na kupunguza kontrasti yake peke yake. Unaichukua nzima au unaififisha nzima.

Katika Photoshop, nenda kwenye menyu ya "Layer", chagua tabaka jipya la marekebisho la aina ya "Color Lookup", kisha kwenye paneli yake upakie faili la .cube. Punguza nguvu yake kwa kushusha kitelezi cha "Opacity" cha tabaka hilo. Lightroom haipokei .cube moja kwa moja. Unapaswa kuigeuza kuwa profaili, yaani msingi wa rangi ambao marekebisho hujengwa juu yake, ndani ya Camera Raw, kwa kushikilia Alt, au Option kwa watumiaji wa Mac, unapobofya alama ya kuunda preseti mpya, kisha kuweka alama kwenye "Color Lookup Table" na kulichagua faili lako. Profaili hiyo ndiyo itakayoonekana Lightroom, katika kivinjari cha profaili na si katika paneli ya preseti.

LUT nyingi zinazogawiwa zilitengenezwa kwa ajili ya video iliyorekodiwa kwa mkunjo wa logi, yaani video inayoonekana imefifia na kukosa kontrasti kabla ya kuchakatwa. Ukiiweka LUT ya namna hiyo kwenye picha ya kawaida, weusi utazama na rangi zitapasuka, nawe utailaumu LUT isiyo na kosa. Soma maelezo yake: ikiwa yanataja logi ya kamera fulani, itafute nyingine.

Kuhusu mafaili ya .atn, fungua paneli ya "Actions", bofya menyu yake na uchague "Load Actions". Hatua hizi zilirekodiwa zikitaja vitu kwa majina, kwa hiyo mara nyingi hutafuta tabaka liitwalo "Background"; ukiwa umeshalifungua kufuli lake likawa "Layer 0", mfululizo utasimama katikati kwa ujumbe kwamba amri haipatikani. Baadhi ya filta pia hazifanyi kazi kwenye picha za biti 16, na hilo husimamisha mfululizo vilevile. Endesha hatua hizi kwenye nakala ya picha daima.

Programu za bure

darktable hupokea mitindo kupitia moduli ya "styles" iliyo upande wa kulia wa meza ya picha. Bofya kitufe cha kuingiza, chagua .dtstyle, kisha chagua picha na ubofye jina la mtindo mara mbili. Moduli hiyo ina chaguo linaloamua kama mtindo utaongezwa juu ya marekebisho yaliyopo au utayafuta na kuanza upya, na ni vizuri ukaliangalia kabla ya kubofya. Katika RawTherapee, profaili za .pp3 hupakiwa kutoka sehemu ya juu ya upande wa kulia, na ukishikilia Ctrl unapobofya kitufe cha kupakia, programu itakuuliza ni vipengele gani uvichukue na vipi uviache. Ningependa kila programu iwe na swali hilo.

Preseti isipoonekana

Ukiwa umefuata hatua zote na paneli haijabadilika, anza na jambo dogo: kundi linaweza kuwa limekunjwa, au limefichwa kwenye orodha ya "Manage Presets" inayofunguka kwa alama ileile ya kujumlisha. Kama sivyo, chunguza kama ulinakili folda iliyo ndani ya folda nyingine, au mafaili bado yamo ndani ya zip. Jambo la tatu, ambalo ndilo huwasumbua wengi, ni kutopatana kwa preseti na picha iliyo mbele yako. Preseti inayotaja profaili ya kamera fulani, au profaili inayohitaji RAW wakati picha yako ni JPEG, Lightroom Classic inaweza kuificha kabisa. Katika ukurasa uleule wa mapendeleo kuna kisanduku cha "Show Partially Compatible Develop Presets". Ukikiwekea alama, preseti hizo zitaonekana kwa maandishi yaliyofifia na kulala. Utaweza kuzitumia, lakini usitarajie rangi zilezile za kwenye picha ya tangazo.

Kuitumia preseti kwenye picha yako

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana kusakinisha ni suala la dakika tano.

Tengeneza kwanza nakala pepe ya picha, kwa kubonyeza Ctrl na alama ya kinukuu kimoja kwenye Lightroom Classic, ili asili ibaki bila kuguswa. Kisha bofya preseti kabla hujagusa mwangaza, kwa sababu tumeshaona kwamba kazi utakayoifanya kabla yake inaweza kufutwa. Ikiwa umeifungua preseti kwa Notepad na kuona kwamba haina mstari wa mwangaza wala wa joto la rangi, unaweza kufuata mpangilio wa kinyume, yaani kuinyoosha picha kwanza na kuipa preseti baadaye. Mimi huona mpangilio huu wa pili ni bora, na preseti za namna hiyo ndizo ninazozitunza.

Baada ya kubofya, macho yaende kwenye histogramu, grafu inayoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza, kabla ya kwenda kwenye picha. Bonyeza J, na programu itapaka nyekundu sehemu zilizoungua kwa mwanga na bluu zile zilizozama kwenye weusi. Rekebisha mwangaza hadi alama hizo zipungue. Kisha nenda kwenye mizani ya weupe. Kwa faili la RAW kitelezi cha joto husoma kelvini, lakini kwa JPEG husoma kutoka -100 hadi +100, kwa hiyo preseti iliyoandikwa 6100 kwa ajili ya RAW haiwezi kuipa JPEG yako hali ileile. Tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe au cha kijivu, ukibofye kwa kidude cha kuchagulia rangi, halafu uongeze ujoto kidogo ikiwa ndio ladha ya preseti.

Ngozi ndiyo mahali ambapo preseti nyingi hufichua zilitengenezewa nani. Ngozi za binadamu, za weupe kwa weusi, huangukia zaidi kwenye vitelezi vya rangi ya chungwa na nyekundu, na tofauti kubwa iko kwenye kiasi cha mwanga. Preseti iliyotengenezwa juu ya ngozi nyeupe mara nyingi hushusha mwanga wa chungwa ili kuipa ngozi hiyo rangi ya jua. Ngozi nyeusi ikipewa preseti hiyo hupoteza umbo la shavu na paji, uso ukawa bapa. Nyingine hushusha ukolezi wa chungwa, na ngozi nyeusi ikapauka kama isiyopakwa mafuta. Fungua sehemu ya kuchanganya rangi, nenda kwenye chungwa, rudisha ukolezi na mwanga karibu na sifuri, kisha fanya hivyohivyo kwa nyekundu ukitazama midomo. Marekebisho ya vitelezi hivyo vinne huokoa preseti ambayo ungeitupa.

Preseti zinazoinua vivuli kwa nguvu zitaleta chengachenga kwenye picha iliyopigwa gizani kwa ISO ya juu. Vuta picha hadi asilimia 100 uone. Kama chenga zimezidi, shusha vivuli kwanza kabla ya kukimbilia kipunguza chenga, kwa kuwa kipunguza chenga kikizidi huifanya ngozi ionekane kama plastiki.

Matoleo ya sasa ya Lightroom yana kitelezi cha kiasi juu ya orodha ya preseti, kinachoanzia 0 hadi 200, na 100 ndiyo nguvu aliyoikusudia mtengenezaji. Kianze kwenye 60. Usipokiona kikifanya kazi, preseti hiyo haikuhifadhiwa kwa namna ya kukiruhusu. Linganisha kabla na baada kwa kubonyeza alama ya mkwaju wa nyuma, na ufanye hivyo baada ya kupumzisha macho dakika kadhaa, kwani jicho huzoea rangi kali upesi kuliko tunavyodhani.

Ukiridhika na picha moja, usiipeleke preseti kwenye mamia mengine papo hapo. Chagua tatu zilizopigwa katika mwanga tofauti, ya juani, ya kivulini na ya ndani, uijaribu huko. Ikivumilia zote tatu, chagua picha zote ukianza na ile uliyoihariri, bofya "Sync", na kwenye dirisha linalofunguka uondoe alama kwenye mwangaza, mizani ya weupe, ukataji na barakoa (marekebisho ya sehemu tu ya picha), isipokuwa picha zote zimepigwa mahali pamoja kwa mwanga uleule. Karibu na kitufe hicho kuna swichi ndogo inayokigeuza kuwa "Auto Sync", ambayo hupeleka kila unachokigusa kwenye picha zote zilizochaguliwa bila kuuliza. Niliwahi kuisahau ikiwa imewashwa nikirekebisha ngozi ya mtu mmoja, na nilipoinua macho picha mia mbili na zaidi za hafla moja zilikuwa zimebadilika rangi. Tangu siku hiyo huisoma swichi hiyo kwa sauti kabla ya kuanza.

Kuifanya preseti iwe yako

Baada ya kuitumia preseti kwa wiki kadhaa utagundua kwamba unarekebisha mambo yaleyale kila mara. Wakati huo iandike upya. Ibofye kwenye picha ambayo haijaguswa, fanya marekebisho yako ya kawaida, bofya alama ya kujumlisha na uchague "Create Preset". Katika dirisha la visanduku, ondoa alama kwenye mwangaza, mizani ya weupe, marekebisho ya lenzi, kunyoosha mistari na kupunguza chenga, kwa sababu hayo ni ya picha moja moja. Bakiza mkunjo wa toni, mchanganyiko wa rangi, upakaji rangi wa vivuli na sehemu angavu, na punje za filamu kama zipo. Weka alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kitelezi cha kiasi. Ipe jina linalosema inafanya nini, kama "Kijani kilichofifia, ngozi salama", badala ya kubaki na jina la mauzo lisilokwambia lolote baada ya mwaka. Ukitaka kuibadilisha baadaye, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Update with Current Settings".

Kisha punguza. Preseti mia nne kwenye paneli hukulazimisha kuzijaribu kwa kubahatisha. Kumi unazozijua nambari zake hukufikisha haraka zaidi. Zisizotumika zihamishie kwenye folda ya nje ya programu, usizifute, na unaposafirisha picha iliyokamilika kwa ajili ya skrini chagua nafasi ya rangi ya sRGB, vinginevyo rangi ulizozihangaikia zinaweza kuonekana zimefifia kwenye simu ya mtazamaji.

Mwisho, nakili folda nzima ya Settings kwenye diski ya nje kila unapounda preseti mpya. Kama kwenye mapendeleo umewasha chaguo la kuhifadhi preseti pamoja na katalogi, yaani daftari la Lightroom Classic la picha na marekebisho yako, folda hiyo itakuwa kando ya katalogi yako na si ndani ya AppData, kwa hiyo bofya tena kitufe cha "Show Lightroom Develop Presets" uhakikishe unanakili iliyo sahihi.